James Pollard Espy

James Pollard Espy (9 Mei 1785 – 24 Januari 1860) alikuwa mwalimu na mtaalamu wa hali ya hewa kutoka nchini Marekani. Alikuwa kati ya watu wa kwanza kueleza kwa vipimo jinsi hewa yenye unyevu inavyopanda, inavyopoa, inavyofanya mawingu na hatimaye kuzaa dhoruba. Wakati wa uhai wake alipewa jina la utani la Mfalme wa Dhoruba. Wengine walilitumia kwa heshima, wengine kwa dhihaka.

Espy alitambua chanzo cha nguvu ya dhoruba, lakini hakukubali kamwe kwamba upepo wa dhoruba kubwa huzunguka. Alishika nusu ya ukweli, akaitetea kana kwamba ndiyo ukweli wote. Hata hivyo nusu hiyo imebaki kuwa msingi wa elimu ya mawingu na mvua hadi leo.

Maisha ya awali

Espy alizaliwa katika jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa bado mtoto, wazazi wake walihamia Kentucky, ambayo wakati huo ilikuwa nchi ya walowezi wapya, na baadaye familia ikaelekea Ohio. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Transylvania mjini Lexington, Kentucky, akahitimu mwaka 1808.

Baada ya hapo alishika kazi ya ualimu. Kuanzia mwaka 1812 aliongoza shule mjini Cumberland, jimbo la Maryland. Huko alimwoa Margaret Pollard, na kutokana na ukoo wa mkewe alijiongezea jina la Pollard.

Ualimu na mwanzo wa utafiti

Mwaka 1817 Espy alihamia Philadelphia, uliokuwa mmoja wa miji mikubwa ya elimu nchini Marekani. Alifundisha hisabati na lugha za kale, yaani Kilatini na Kigiriki. Mwaka 1824 ilianzishwa taasisi ya Franklin Institute iliyokusudia kueneza elimu ya sayansi na ufundi, na Espy akawa mwanachama na mhadhiri wake.

Hamu yake ya kuchunguza hali ya hewa ilitokana na kusoma maandishi ya Waingereza John Dalton na John Frederic Daniell kuhusu mvuke uliomo hewani. Hakuwa na maabara. Alitumia ua wa nyumba yake: aliweka humo vyombo vya maji na vipimajoto vingi, akaandika hesabu zake kwenye uzio uliopakwa chokaa nyeupe. Mpwa wake aliyeandika kumbukumbu za maisha yake alisimulia kwamba uzio huo ulijaa tarakimu hata pasibaki nafasi ya hesabu mpya.

Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: dhoruba hupata wapi nguvu zake? Upepo unaong'oa miti na kuezua nyumba lazima usukumwe na kitu. Wataalamu wa wakati ule walitoa majibu tofauti. Wengine walitaja umeme, na wengine walidhani ni mikondo ya hewa ya joto na ya baridi inayogongana. Espy alianza kuamini kwamba jibu limo ndani ya mvuke wenyewe.

Nefeleskopu

Ili kupima wazo lake, Espy alitengeneza chombo alichokiita nefeleskopu, kwa kutumia neno la Kigiriki lenye maana ya wingu. Kilikuwa chombo kilichofungwa vizuri, chenye pampu ya kushindilia hewa na kipimo cha kanieneo. Hewa iliyoshindiliwa iliachwa ipoe hadi halijoto ya chumba, kisha ikafunguliwa ghafla. Ilipotanuka ilipoa, na kama ilikuwa na unyevu wa kutosha, wingu dogo lilionekana ndani ya chombo.

Espy alilinganisha hewa kavu na hewa yenye unyevu. Aligundua kwamba hewa ambayo wingu limetokea ndani yake hupoa kidogo zaidi kuliko hewa kavu inayotanuka kwa kiasi kilekile, karibu nusu tu. Maana yake ni kwamba mvuke unapogeuka matone hutoa joto.

Joto hilo huitwa joto fiche. Lilijulikana tangu karne ya 18 kutokana na kazi ya Joseph Black huko Uskoti. Si joto dogo. Kilo 1 ya mvuke inapogeuka maji hutoa joto linaloweza kuchemsha takriban lita 7 za maji ya bomba. Wingu moja la mvua hubeba tani nyingi mno za maji, na joto lililotolewa wakati maji hayo yalipotoka katika hali ya mvuke ni nishati kubwa sana. Mchango wa Espy ulikuwa kuliona joto hilo kama moto unaoendesha injini ya dhoruba.

Nadharia ya dhoruba

Maelezo ya Espy yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Kwanza, jua hupasha ardhi joto, na ardhi huipasha hewa iliyo juu yake. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi inayoizunguka, kwa hiyo hupanda.

Pili, kadiri hewa inavyopanda ndivyo kanieneo inavyopungua, na hewa hutanuka. Kutanuka huko huipoza. Kwa vipimo vya siku hizi, hewa ambayo haijafanya wingu hupoa kwa karibu nyuzi 1 ya Selsiasi kila mita 100.

Tatu, hewa inapopoa vya kutosha hufikia nukta ya umande, yaani halijoto ambayo mvuke huanza kugeuka matone. Jambo hilohilo huonekana kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji: hewa inayogusa chupa hupoa, na matone hutokea nje ya kioo. Angani matone hayo huwa wingu. Espy alionyesha kwamba kimo cha sehemu ya chini ya wingu kinaweza kukadiriwa na mtu aliyesimama ardhini, kwa kupima tofauti kati ya halijoto ya hewa na nukta yake ya umande. Kwa hesabu ya sasa, kila nyuzi 1 ya tofauti huwakilisha takriban mita 125. Basi hewa ikiwa na nyuzi 30 na nukta yake ya umande ikiwa nyuzi 22, mawingu yatakuwa na tako lake kwenye kimo cha karibu mita 1,000.

Nne, na hapa ndipo ulipo ugunduzi wake mkuu, mara wingu linapoanza, joto fiche hutoka. Hewa iliyo ndani ya wingu huendelea kupoa, lakini polepole. Katika hewa ya joto yenye unyevu mwingi hupoa kwa karibu nusu ya kasi ya awali. Ikiwa hewa ya nje hupoa haraka zaidi kuelekea juu, basi hewa ya ndani hubaki na joto zaidi kuliko jirani zake hata baada ya kupanda kilomita nyingi. Kwa kuwa ina joto zaidi, ni nyepesi zaidi. Kwa kuwa ni nyepesi, hupanda zaidi. Na inapopanda, mvuke zaidi hugeuka matone na joto zaidi hutoka. Hali hiyo ndiyo wataalamu wa leo wanaiita angahewa isiyo thabiti. Msukumo mdogo chini huweza kuzaa wingu refu lenye ngurumo, radi na mvua ya mawe.

Tano, nguzo hiyo ya hewa nyepesi hupunguza uzito wa hewa juu ya mahali pale. Kanieneo hushuka, na hewa ya pembeni hukimbilia ndani kujaza nafasi. Mkimbio huo ndio upepo wa dhoruba.

Ushahidi mmoja ulitoka kwa watu wa Philadelphia waliokuwa wakirusha tiara. Walikuwa na chama chao, nao waliona kwamba mawingu ya mafungu yalipokuwa yakijiunda, tiara zilivutwa kwenda juu kwa nguvu. Espy alichukua habari hiyo kama uthibitisho kwamba chini ya wingu kuna hewa inayopanda.

Mtandao wa wapimaji

Espy alijua kwamba dhoruba moja haiwezi kueleweka na mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja. Kuanzia mwaka 1834 aliongoza kamati ya hali ya hewa iliyoundwa na Franklin Institute pamoja na American Philosophical Society. Kamati ilikusanya barua za watu wa sehemu mbalimbali walioandika saa ya mvua, mwelekeo wa upepo na usomaji wa barometa.

Mwaka 1836 American Philosophical Society ilimpa tuzo yake ya Magellan kwa utafiti wake. Mwaka 1837 bunge la Pennsylvania lilitenga dola 4,000 ili kila kaunti ya jimbo ipate vyombo vya kupimia hali ya hewa. Ilikuwa hatua ya mapema ya serikali ya jimbo kugharimia upimaji wa namna hiyo nchini Marekani. Katika miaka hiyo Espy aliacha kufundisha shuleni, akaanza kuzunguka miji akitoa mihadhara ya hadhara kuhusu dhoruba.

Mabishano makali

Mpinzani wake mkuu alikuwa William Redfield (1789–1857), fundi wa matandiko ya farasi aliyekuja kuwa mfanyabiashara wa meli za mvuke. Mwezi Septemba 1821 tufani ilipiga pwani ya mashariki ya Marekani. Baadaye Redfield alisafiri kupita maeneo yaliyoharibiwa. Katika jimbo lake la Connecticut aliona miti imeangukia kaskazini magharibi. Alipofika magharibi mwa Massachusetts aliona miti imeangukia kusini mashariki. Kwa kuwa dhoruba ilikuwa moja, aliamua kwamba ilikuwa pia ikizunguka kama pia kubwa. Alichapisha hoja yake mwaka 1831, na ofisa Mwingereza William Reid aliiunga mkono kwa habari za tufani za visiwa vya Karibi.

Espy alikataa. Kwake, upepo ulikwenda moja kwa moja kuelekea katikati ya dhoruba kutoka pande zote, kama spoki za gurudumu. Mtu wa tatu, mkemia Robert Hare wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliwapinga wote wawili. Yeye alishikilia kwamba dhoruba na vimbunga ni kazi ya umeme upitao kati ya mawingu na ardhi.

Tarehe 19 Juni 1835 kimbunga kilipita katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey. Wataalamu walikwenda kukagua miti na mabaki ya nyumba. Alexander Dallas Bache, kitukuu wa Benjamin Franklin na rafiki wa Espy, alipima mielekeo ya vitu vilivyoanguka na kuona kwamba vinaonyesha upepo ulioingia ndani. Redfield aliona katika uharibifu uleule dalili za mzunguko. Hare aliona umeme. Kila mmoja alirudi nyumbani na nadharia aliyoondoka nayo.

Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi katika majarida na mikutano. Ilikuwa vigumu kuyamaliza kwa sababu kila upande ulikuwa na ushahidi wa kweli. Redfield alijua jinsi upepo unavyokwenda, lakini hakuwa na maelezo mazuri ya nguvu inayousukuma. Espy alijua nguvu hiyo, lakini hakujua njia ya upepo.

Safari ya Ulaya na kitabu

Mwaka 1840 Espy alisafiri kwenda Uingereza na kueleza nadharia yake mbele ya mkutano wa wanasayansi wa Kiingereza uliofanyika Glasgow, Uskoti. Kisha alikwenda Ufaransa, ambako Akademia ya Sayansi ya Paris iliunda kamati ya kuichunguza kazi yake. Wajumbe wake walikuwa François Arago, Claude Pouillet na Jacques Babinet, na taarifa yao ya mwaka 1841 ilimsifu. Mwaka huohuo alichapisha kitabu chake kikuu, The Philosophy of Storms.

Mpango wa kuleta mvua

Kutokana na nadharia yake Espy alitoa hitimisho lililomletea umaarufu na pia kejeli. Ikiwa mvua hutokana na hewa ya joto inayopanda, basi binadamu anaweza kuianzisha kwa kuwasha moto mkubwa. Alikusanya habari za mioto ya misitu na nyika iliyofuatwa na mvua.

Mwishoni mwa miaka ya 1830 aliwaomba wabunge wa Pennsylvania na wa Marekani wakubali kumlipa iwapo angefanikiwa kuleta mvua. Walikataa. Mwaka 1845 alieleza mpango mkubwa zaidi: katika magharibi ya nchi, kwenye mstari wa maili 600 au 700 kutoka kaskazini hadi kusini, ekari 40 za miti ziwashwe moto kwa kila maili 20, zote kwa wakati mmoja, kila baada ya siku saba wakati wa kiangazi. Aliamini kwamba mstari wa mvua ungetokea na kusafiri kuelekea mashariki, ukinyeshea mashamba na kuondoa ukame.

Mpango huo haukujaribiwa. Kisayansi haukuwa upuuzi mtupu, kwa maana mioto mikubwa ya misitu huweza kweli kufanya mawingu marefu, na mara nyingine hata ngurumo. Kasoro yake ilikuwa kwamba moto hutoa msukumo tu. Kama hewa ya juu ni thabiti au ni kavu, moshi utapanda kiasi, utasimama na kutawanyika. Nadharia ya Espy mwenyewe, ikifuatwa kwa ukamilifu, inaonyesha kwamba hali ya angahewa nzima ndiyo inayoamua.

Kazi serikalini

Mwaka 1842 Espy alikuwa Washington akitafuta nafasi ya kuendeleza utafiti wake kwa fedha za umma. Rais wa zamani John Quincy Adams, aliyekuwa mbunge wakati huo, alikutana naye na kuandika katika shajara yake kwamba alimwona kama mtu aliyetawaliwa na wazo moja na mwenye kujithamini kupita kiasi. Hata hivyo mwaka huohuo Espy alipewa kazi katika ofisi ya mganga mkuu wa jeshi, ambako waganga wa kambi walikuwa wakiandika kumbukumbu za hali ya hewa. Baadaye kazi yake iliwekwa chini ya wizara ya jeshi la maji, akashirikiana na Joseph Henry wa Smithsonian, aliyeanzisha mtandao wa wapimaji wa kujitolea mwaka 1849.

Ripoti yake ya kwanza ilitoka mwaka 1843 na ya nne mwaka 1857. Ndani yake kulikuwa na ramani nyingi zilizoonyesha upepo, mvua na kanieneo za siku moja katika sehemu kubwa ya nchi. Kutokana na ramani hizo Espy alionyesha kwamba dhoruba za Marekani kwa kawaida husafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, na kwamba barometa hushuka zinapokaribia. Jambo hilo lilikuwa na faida kubwa. Telegrafu ilipoenea, iliwezekana mji wa mashariki kuambiwa habari ya dhoruba iliyoko magharibi kabla haijafika.

Miaka ya mwisho

Margaret alifariki kabla ya mumewe. Espy aliishi miaka yake ya mwisho akiendelea kuandika na kutetea hoja zake. Mwaka 1856 William Ferrel, ambaye naye alikuwa mwalimu wa shule, alichapisha maelezo yaliyoonyesha kwamba mzunguko wa dunia hukengeusha hewa yoyote inayosafiri. Hewa inayokimbilia katikati ya dhoruba huanza kwenda ndani kama alivyosema Espy, lakini hupindishwa njiani hata ikazunguka kama alivyosema Redfield. Upepo huingia kwa njia ya mviringo, mfano wa maji yanayoingia kwenye tundu la beseni. Redfield alifariki mwaka 1857. Espy hakubadili msimamo wake.

Aliaga dunia mjini Cincinnati, Ohio, tarehe 24 Januari 1860, akiwa na umri wa miaka 74. Katika mji huohuo, mwaka 1869, Cleveland Abbe alianza kutoa utabiri wa hali ya hewa kwa kutumia habari za telegrafu, na mwaka 1870 serikali ya Marekani ilianzisha huduma ya taifa ya hali ya hewa.

Umuhimu wake

Espy alifanya kazi kabla ya kanuni ya hifadhi ya nishati kukubalika, wakati wanasayansi wengi bado walidhani joto ni aina ya kiowevu kisichoonekana. Katika miaka ya 1860 William Thomson, anayejulikana pia kama Lord Kelvin, alikokotoa kwa kanuni mpya za joto jinsi hewa yenye unyevu inavyopoa ikipanda. Hesabu hizo zilithibitisha wazo la msingi la Espy. Leo watabiri hurusha puto zenye vipimo ili kujua halijoto na unyevu wa kila kimo, kisha hulinganisha hewa inayopanda na hewa inayoizunguka. Ulinganisho huo ndio uleule ulioanzia kwenye nefeleskopu.

Nchi za Afrika Mashariki zinaonyesha vizuri kwa nini nusu zote mbili za ukweli zinahitajika. Karibu na ikweta kuna joto na unyevu mwingi, na mawingu ya ngurumo hutokea mara kwa mara. Juu ya Ziwa Viktoria dhoruba nyingi huzuka usiku, wakati upepo kutoka nchi kavu unapokutana juu ya maji yenye vuguvugu na hewa kulazimika kupanda. Ni hatari inayojulikana sana kwa wavuvi. Hizo ni dhoruba za Espy. Lakini tufani kubwa za baharini ni nadra mno kutokea ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka ikweta, kwa sababu huko athari ya mzunguko wa dunia juu ya mwendo wa upepo ni ndogo sana. Injini ya joto ipo, ila kinachokosekana ni ule mzunguko ambao Espy aliukataa maisha yake yote.